Jozani kwa Siku Moja: Nendeni Wachache, Mwenyeji Awe Mbele

Wengi wetu wa mjini tumeipita Jozani, ule msitu wa hifadhi wa hapa Unguja, mara zisizo na hesabu. Tunakwenda Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, tunakwenda arusini Jambiani, gari inapunguza mwendo kwenye matuta, mtu mmoja anasema "wale kima wale", na safari inaendelea. Matuta yenyewe yamewekwa kwa ajili yao. Kima punju wanavuka ile barabara kila siku, na magari yalikuwa yakiwaua. Asili ya mnyama huyu ni hapa Unguja, hapana pengine, na wageni wanapanda ndege kutoka mbali kuja kumuona. Sisi tuko kilomita 35 tu kutoka kwake, na watoto wetu wanamjua kwa picha.

Kwa hiyo nakuombeni safari moja mshuke. Si kwa nusu saa ya kupiga picha, bali kwa siku nzima ya kutembea kwa miguu: msituni, kwenye mikoko ya Pete, na kijijini. Nimetembea kule na makundi makubwa na madogo, na waongozaji wa kila aina, na ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowaambia majirani na walimu wenzangu wanaponiuliza.

La mwanzo ni idadi. Msizidi wanane. Sita ni bora zaidi. Njia za msituni ni nyembamba, mnatembea mmoja nyuma ya mwenzake, na muongozaji anapozungumza mbele, mtu wa kumi hasikii kitu. Atakachopata ni kuuliza "kasemaje?", na aliye mbele yake naye hajui. Kampuni moja iliwahi kutupakia ndani ya basi zima, tukashushwa getini, tukakimbizwa msituni kwa muda mfupi kwa sababu chakula cha mchana kilikuwa kimeshaagizwa pwani. Kima tuliwaona, maana walio karibu na barabara wamezoea watu. Lakini Jozani si kima peke yake. Kuna paa nunga, paa mdogo mwekundu mwenye mstari mweupe matakoni, ambaye duniani amebaki hapa kwetu na pwani ya Kenya tu, na ni adimu hata kwa wanaokaa naye. Kuna perere, mnyama mdogo wa mitini, kuna komba, na kuna ndege wanaonyamaza wakisikia vishindo. Watu ishirini hawawezi kunyamaza. Watu sita wanaweza, tena bila kuambiwa mara mbili.

La pili, na kwangu ndilo kubwa, ni nani anayetembea mbele yenu. Muongozaji wa mjini anaweza kuwa hodari wa lugha na mcheshi, na hilo ni zuri. Lakini Jozani inataka mtu aliyekulia Pete, Kitogani, Cheju, Charawe au Ukongoroni, aliyetumwa kuni na mama yake kabla ya msitu kuwa hifadhi ya taifa. Mara moja kijana wa Pete aliyetutangulia alinyanyua fimbo, sote tukasimama. Pembeni ya njia palikuwa na mtambaazi umening'iniza maganda ya rangi ya kahawia, yenye manyoya laini yanayong'aa juani. Akamwambia mama mmoja katika kundi letu, "Mama, kusanya buibui lako vizuri, huo upupu." Ganda lilikuwa karibu na bega lake, na kulikuwa na upepo. Anayejua upupu anajua siku ile ingeishia wapi. Kijana yule yule alitwambia mti gani babu yake akichemsha majani yake kwa homa, wapi maji hutuama wakati wa masika, na kichaka gani kilikuwa shamba la muhogo la nani. Getini hifadhi ina waongozaji wake, na wengi ni wenyeji wa vijiji hivyo. Ukipitia kampuni ya mjini, hakikisha mwenyeji wa pale anatembea nanyi mwanzo mpaka mwisho.

Kabla hujatoa pesa, piga simu uulize. Tutakuwa wangapi, na idadi hiyo haitaongezeka asubuhi yenyewe? Muongozaji anatoka kijiji gani? Tutatembea kwa miguu kwa muda gani, na ndani ya gari kwa muda gani? Kiingilio kimo ndani ya bei? Tutasali wapi? Anayejibu haya bila kuyumba ni mtu wa kwenda naye. Anayesema "usijali, kila kitu kipo" bila kueleza, mimi namwacha. Na chukueni vitambulisho vyenu vya ukaazi, maana kiingilio cha mwenyeji si sawa na cha mgeni. Wengi huvisahau, kisha wanagombana na watu wa getini wasio na kosa.

Usafiri ni jambo jepesi. Kundi la watu sita au saba linaenea kwenye gari moja ya kukodi, mkachangiana. Asiyetaka kukodi apande gari ya Makunduchi au Jambiani, amwambie utingo amshushe getini. Kurudi alasiri ni kusimama barabarani, na gari hazikosekani.

Ondokeni mapema. Msali alfajiri, mnywe chai, saa 12:30 muwe njiani. Kima punju anakula asubuhi na tena jioni, adhuhuri hupumzika juu, na jua la uwandani wakati wa kaskazi halina huruma. Miezi ya kipupwe, Juni mpaka Agosti, ndiyo mizuri kuliko yote: hewa baridi, njia kavu. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, sehemu ya msitu hujaa maji kwa sababu maji ya ardhini yako karibu sana, na ingawa msitu wenye maji una uzuri wake, usimpeleke mtoto wala mtu mzima sana wakati huo. Ijumaa iacheni. Ramadhani pia, kwa kutembea siku nzima, naona isubiri.

Viatu: raba zenye soli nzito, na soksi ndefu. Kandambili hapana, makubadhi hapana. Ukitoka kwenye kivuli ukaingia uwandani, chini ni mawe ya matumbawe yenye ncha, na siafu wakivuka njia soksi ndizo zinazokupa nafasi ya kuruka. Mavazi ya heshima hayana tabu yoyote msituni, na wanawake wenzangu wanaoniuliza nawajibu hivi: suruali pana chini, buibui jepesi au dera lisiloburura juu, mtandio uliofungwa nyuma usinase kwenye miba. Beba kanga moja ya ziada, utaitumia kusalia na kukalia. Maji lita mbili kwa kila mtu. Chakula kiwe cha kushika mkononi: chapati, boflo, mayai ya kuchemsha, tende. Ndizi mbivu zibaki ndani ya mkoba mpaka mtoke kwa kima, na sababu yake nitaieleza.

Kima punju tumbo lake lina vyumba, linachachusha majani. Chakula chake ni majani machanga, maua na matunda mabichi. Tunda bivu lenye sukari linamuumiza. Kwa hiyo anayemrushia ndizi kwa huruma anamdhuru, na pia anamfundisha kushuka kwa watu na kuvuka barabara ovyo. Msimame mbali naye kama mtakavyoelekezwa, msimguse hata akikujieni, na mwenye mafua asiende siku hiyo, kwa sababu maradhi yetu yanawapata.

Ukikaa chini kimya, ndipo utamuona kweli. Mgongo mwekundu kama wa kutu, uso mweusi uliozungukwa na nywele nyeupe zilizosimama, mkia mrefu usioshika kitu. Tazama mkono wake anapovuta tawi: vidole vinne, gumba hana, analinasa tu na kuruka. Kima jike mmoja alikuwa amekaa karibu nasi anachagua majani, anavunja ncha changa na kuacha lililokomaa, na mwanawe akajaribu kumnyang'anya lile lile lililo mdomoni ingawa mti mzima ulikuwa umejaa. Tulikaa pale muda mrefu na hakuna aliyetuhimiza. Kundi kubwa halipewi muda huo.

Muulize pia mwenyeji habari ya makaa. Kima wa mashambani huenda kwenye matanuri ya zamani, wakaokota makaa na kuyatafuna. Majani ya miembe na mikungu wanayokula huko yana vitu vinavyolisumbua tumbo, na makaa yanavizuia. Jambo hili limechunguzwa na wataalamu, lakini wanakijiji walikuwa wakiliona siku zote.

Hapo ndipo mazungumzo yanapokuwa mazito, na nakushauri usiyakimbie. Si kima wote wanaoishi ndani ya mipaka ya hifadhi, wengine wanaishi mashambani, na shamba ni la mtu. Mkulima aliyepanda minazi na mihogo akaamka asubuhi akakuta kima wanakula hana furaha ya mtalii. Jozani pamoja na Ghuba ya Chwaka zilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, eneo la kilomita za mraba 50 hivi, na sehemu ya mapato ya kiingilio hurudi vijijini. Sikiliza wenyewe wanasemaje kuhusu fungu hilo, kama linatosha au halitoshi. Mtu wa mjini akilipa kiingilio, akanunua dafu na chakula pale pale kijijini badala ya kubeba kila kitu kutoka soko la Darajani mjini, anakuwa amefanya jambo la maana kwa msitu ule.

Mchana, baada ya sala ya adhuhuri kwenye msikiti wa kijijini, nendeni Pete kwenye mikoko. Hapa inafaa mtu ajue mwezi. Siku za bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji hukupwa sana kabla ya adhuhuri na kujaa alasiri, kwa hiyo ukitaka kuona tope, kaa na mizizi yote, geuzeni ratiba, anzeni na mikoko asubuhi. Mkitaka kuona vidagaa vikiogelea katikati ya mizizi chini ya daraja la mbao, nendeni maji yakiwa yanajaa. Mwenyeji atakwambieni saa yake, muulizeni siku moja kabla.

Mikoko wengi huidharau, wakaona ni vichaka vya pwani. Simama darajani uinue macho utazame mkoko wenyewe. Mbegu yake haisubiri kuanguka ndipo iote: inaota ikiwa bado juu ya mti, mche unarefuka na kuning'inia kama ganda la mlonge, kisha unadondoka na kujichoma topeni, tayari umesimama. Muongozaji wetu aliokota mmoja uliochukuliwa na maji, akampa binti wa mwenzangu aupande. Mtoto yule mpaka leo anauliza mkoko wake umefika wapi.

Na kwa sisi tuliokulia Mji Mkongwe, mikoko si kitu kigeni. Tazama juu ukiwa ndani ya nyumba yoyote ya zamani, Malindi au Shangani: zile boriti zilizobeba dari ni mikoko. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Majahazi yalizipakia boriti hizo kwenda Arabuni kwa karne nyingi. Mimi sikuwa nimeunganisha dari ya bibi yangu na tope la Pete mpaka nilipousimamia mti wenyewe, na tokea hapo siwezi kusikia habari ya mikoko kukatwa ovyo nikanyamaza.

Taka zenu rudini nazo zote, hata maganda ya mayai. Kabla ya kupanda gari, kaguaneni nguo na miguu kwa ajili ya kupe, hasa watoto. Na muongozaji mpeni chake mkononi, mbali na kiingilio, kiasi mlichokubaliana kundi zima tangu asubuhi, ili asiachwe mtu mmoja kubeba aibu ya wengine.

Ikiwa siku nzima ni nyingi kwenu, au mna mzee asiyeweza kutembea sana, anzeni na msitu wa Masingini, upande wa Bububu. Ni karibu na mji, kuna kilima na kivuli kizuri, na msitu ule unalinda chemchemi za maji tunayokunywa mjini. Nusu siku inatosha. Ndugu zetu wa Pemba wanao msitu wa Ngezi, nao unataka muongozaji vile vile: kuna mpapindi, mnazi wa mwituni usioota kwa asili ila kisiwani kwao, kuna popo wakubwa wa Pemba, na mkivuka msitu mnatokea pwani ya Vumawimbi. Kutoka Chake au Wete pandeni gari ya Konde, kisha mkodi gari mpaka getini, na mpange na dereva mapema saa ya kukurudieni, kwa sababu huko jioni gari ni chache.