Muulize babu kuhusu viatu, vita vitakuja vyenyewe

Babu yangu alikuwa Keya. Wale mliokaa na wazee mnajua Keya ni nini, ni askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza), wale Mwingereza aliwachukua wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akawapeleka mpaka Burma, Myanmar ya leo, kupigana na Mjapani. Ametuacha miaka kadhaa sasa, lakini nikipita pale soko la Burma karibu na City Stadium, Nairobi, moshi wa nyama umenipiga usoni, lazima nimkumbuke, maana ni yeye aliniambia hilo jina lililetwa na watu kama yeye waliorudi kutoka huko.

Naandika hii kwa wewe ambaye babu yako bado yuko. Mimi nilipoteza miaka mingi nikimuuliza swali moja tu, "Babu, vita ilikuwaje?" Na yeye kila mara, "Ilikuwa mbaya," halafu anaongeza redio. Nikadhani hataki kuongea. Kumbe swali lenyewe lilikuwa kubwa mno, mtu ataanzia wapi?

Kilichomfungua mdomo ni viatu. Babu hakuwahi kuvaa kiatu bila kukipindua na kukipiga kwa kiganja mara tatu, hata akala, zile ndala za tairi ambazo mdudu hana pa kujificha. Siku moja nikamuuliza tu, babu mbona unapiga hivyo? Akacheka, akaketi kwenye ngazi, na hapo tulikaa mpaka chai ikapoa. Akaniambia bonde la Kabaw huko Burma, mwaka 1944, mvua usiku na mchana, matope mpaka magotini, lori zikikwama wanazisukuma kwa mabega, malaria inaangusha watu kuliko risasi, na ruba wanaingia kwenye buti na husikii kitu mpaka uvue upate soksi imelowa damu. Walienda hivyo hivyo mpaka mji wa Kalewa, wakafika Desemba, na hapo mainjinia wakaweka daraja la chuma juu ya mto Chindwin. Urefu wake alinipimia kwa kidole: "Kutoka hapa mpaka msikitini, halafu urudi nusu."

Kwa hivyo uliza vitu vidogo. Mlikuwa mnakula nini, nani alikuwa anakunyoa, mlilala wapi mvua ikinyesha, barua ulikuwa unamwandikia nani na nani alikuwa anakuandikia kama hukujua kusoma. Hayo ndiyo yanavuta mengine.

Na umtoe nyumbani. Babu alipenda safari kupita kiasi, nikiwa na miaka tisa alinibeba kwa treni ya usiku mpaka Mombasa na nyanya alijua tukiwa tumeshaondoka (alinuna wiki mzima). Tukiwa kwa feri Likoni akashika ile reli, akaangalia bahari akanyamaza, halafu akaniambia yeye alipanda meli hapo Kilindini 1943 kwenda Ceylon, nchi tunayoita Sri Lanka siku hizi, na Februari iliyofuata wakiwa bado huko wakasikia meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa na askari wenzao imezamishwa na Wajapani. Watu zaidi ya 1,200 walikufa. Nyumbani hajawahi kulitaja hilo hata siku moja, ilibidi aone maji. Kama wako aliwahi kuwa jeshini, mpeleke hata makaburi ya vita pale Ngong Road mtembee polepole, au msimame kwa ile sanamu ya askari watatu Kenyatta Avenue, na usimharakishe.

Namba yake ya jeshi, iandike. Babu mwishoni alikuwa anachanganya majina yetu wajukuu lakini ile namba aliitoa bila kusita, kama amesimama gwaride. Picha nazo, andika majina nyuma na penseli leo, maana sisi tuko na picha ya vijana sita wamevaa kofia na tunamjua mmoja tu.

Halafu hili linaniuma mpaka leo. Nilimrekodi kwa simu, jioni kadhaa, masaa na masaa, nikisema nitahamisha nitahamisha, simu ikachopolewa dirishani kwa matatu nikitoka kazini. Nilishuka nikalia pale steji watu wakidhani nalilia simu. Usingoje kama mimi, ukimaliza kurekodi tuma hapo hapo kwa binamu, kwa shangazi, kwa grupu ya familia, kwa yeyote.

Kilichobaki ni dakika mbili ambazo binamu yangu alikuwa nazo. Redio inasikika kwa nyuma, kuku pia, na babu anataja namba yake ya jeshi, anakohoa, anairudia tena polepole kama anamtajia mtu anayeandika, kisha anauliza, "Sasa hiyo simu si inakula pesa? Zima, ukuje tule."