Oksijeni Iache Mwisho

Wewe unayeanza kusawazisha milinganyo ya mwako wa hidrokaboni (molekuli za kaboni na hidrojeni tu), usianze na oksijeni. Mimi nilianza nayo kwa muda mrefu. Nikishaisawazisha, nikigusa maji inavurugika, narudi, nafuta, mpaka karatasi inatoboka.

Oksijeni ikitosha, kaboni yote huishia kwenye CO₂ na hidrojeni yote kwenye H₂O, kila moja na njia yake. Oksijeni imo kwenye zote mbili. Lakini upande wa kushoto imekaa peke yake, O₂, na ukibadili namba iliyo mbele yake hakuna atomu nyingine inayoguswa. Kwa hiyo isubiri.

Tuchukue propani, C₃H₈. Kaboni 3, andika 3CO₂. Hidrojeni 8, na kila molekuli ya maji huchukua 2, andika 4H₂O. Sasa hesabu oksijeni ya kulia: 6 za kaboni dioksidi, 4 za maji, jumla 10. Zinatosha O₂ tano:

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Butani ndiyo hutoa watu jasho. C₄H₁₀ inakupa 4CO₂ na 5H₂O, oksijeni 13, na 13 haigawanyiki kwa 2. Hapo nimeona watu wakigeuza H₂O kuwa H₂O₂ ili hesabu itimie. Namba ndogo za chini usiziguse kamwe! H₂O₂ si maji tena, ni hidrojeni peroksidi. Wewe andika nusu bila aibu, 13/2 mbele ya O₂, kisha zidisha mlinganyo wote kwa 2:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Nikisema wote, na butani yenyewe imo. Ile 2 ya mwanzo ndiyo inayosahauliwa kuliko zote.

Kwa hidrokaboni inayotoa CO₂ na maji, nusu unaweza kuiona kabla hujashika kalamu: tazama idadi ya hidrojeni. Ikigawanyika kwa 4, kama methani (4), propani (8) au pentani (12), nusu haitatokea. Ethani (6), butani (10) na oktani (18) jiandae kuzidisha.

Nikiwa na shaka napima kwa uzito, kila atomu na wake: C 12, H 1, O 16. Propani: 44 na 160 kushoto ni 204, 132 na 72 kulia ni 204. Zikipishana, kuna namba nimeikosea.

Halafu soma swali vizuri. Likisema oksijeni haitoshi na kinachotoka ni kaboni monoksidi, hatua ni zile zile, ila matokeo ni mengine:

2CH₄ + 3O₂ → 2CO + 4H₂O

Niliwahi kusawazisha swali la namna hiyo bila kosa hata moja, nikiwa nimeandika CO₂. Nilipata sifuri.