Usisubiri joto lipande! Nilisubiri miezi 14, kumbe napanga uzazi bila kujua

Mdogo wangu wa Buswelu, hapahapa Mwanza, salamu nitakupa mwisho. Weka hicho kipimajoto chini kwanza.

Umeandika kwamba unatafuta mimba, mzunguko wako ni siku 33 hadi 35, leo uko siku ya 16, mume yuko mgodini Geita, na "mwalimu" wako kakwambia joto la asubuhi likipanda na kukaa juu siku tatu ndipo umwite mzee aje. Halafu ukauliza kama kipimajoto cha kawaida cha homa kinatosha. Mimi nilipofika kwenye "siku tatu" nikatua kikombe mezani. Huyu ni mimi kabisa, mwaka ule.

Joto likishakaa juu siku tatu, yai limeshakufa. Mume utakuwa umemwita kwenye matanga.

Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mume wangu ana mtumbwi na taa, kambi yake iko visiwani upande wa Ukerewe. Wenye kujua dagaa wanajua ratiba yao: wanavuliwa usiku wa giza kwa sababu wanafuata taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, wavuvi wanarudi kwa wake zao. Kwa hiyo mume nilikuwa nampata kwa kalenda ya mbinguni, siku tisa kumi hivi, kisha anapotea tena. Mwezi wa mbinguni una siku 29 na nusu, wa kwangu una siku 34. Piga hesabu, kila mzunguko tunapishana siku nne na ushee. Kuna wakati siku zangu za hatari zinaangukia giza totoro yeye yuko majini, na kuna wakati zinaangukia yupo sebuleni anatazama mpira. Ningekuwa na akili, hizo za mpira zingenitosha.

Sikuwa na akili, nilikuwa na kocha. Dada mmoja wa grupu la WhatsApp, anajiita kocha wa uzazi, elfu hamsini unapewa chati na ushauri wa miezi mitatu. Chati nzuri jamani, ina maua pembeni. Chini kabisa imeandikwa: joto likipanda, hesabu siku tatu, ndipo mkutane. Kabla ya hapo mume asiguse, "atunze mbegu zipate nguvu".

Basi nikamtunza. Mwanaume katoka ziwani, kaoga, kanyoa, kaniletea sato mzima, mimi namwambia baba subiri, bado iko 36.3. Kesho yake 36.3. Keshokutwa 36.4. Analala kageukia ukutani kama mgeni aliyekosa godoro. Joto linapanda 36.7, nahesabu moja, mbili, tatu, haya sasa karibu! Miezi mitatu tofauti nilifanya hivi na mume yuko kitandani kwangu. Hapo ndipo pananiuma mpaka leo, sikuhitaji hata nauli ya meli.

Nauli nayo niliilipa. Mwezi mmoja joto lilipanda katikati ya giza, dagaa wanamwagika, nikampigia simu aache kila kitu. Kapanda mtumbwi mpaka Nansio, kapanda meli mpaka Mwanza, usiku wa kazi umeungua kwenda na kurudi, na vijana aliowaachia mtumbwi wakamwambia eti hawakupata kitu. (Hawakupata kitu! Wiki hiyohiyo magunia yanashuka Mwaloni kama mvua.) Mwezi mwingine kipimajoto kikasoma 38.2. Nikapiga kelele za furaha, nikampigia. Alipofika alinikuta natetemeka ndani ya blanketi mawili. Ilikuwa malaria. Mnaoniambia soma kwanza uelewe, mko sahihi, chekeni mmalize.

Wakati huohuo mama mkwe anapiga simu kila Jumapili, "mkamwana, bado tu?" Namjibu tunajaribu, mayu. Tulikuwa tunajaribu kweli, kwa bidii, siku ambazo haiwezekani.

Aliyenifungua macho ni nesi mmoja wa kliniki, mama mtu mzima. Nilimpelekea chati zangu zote, miezi 14, nimezipanga kwenye faili kama mtoto anayesubiri pongezi. Akazipitia, akavua miwani, akaniuliza: "Mama, umekuja kuacha uzazi wa mpango?" Nikasema sijawahi kutumia. Akasema, "Hizi ni chati za kuzuia mimba. Na umezifuata vizuri kuliko wote niliowahi kuwafundisha."

Ndiyo, ile kanuni ya siku tatu ipo kweli, ni ya watu WASIOTAKA mimba! Joto likikaa juu siku tatu mfululizo, siku za hatari zimepita, kutaneni kwa raha zenu, hakuna kitakachotokea. Yule dada aliiokota mahali, akafuta kichwa cha habari, akaweka maua, akaniuzia. Nilipomwandikia akajibu "kila mwili na majibu yake" na kunitoa kwenye grupu. Elfu hamsini yangu ilikula maua.

Nesi alinieleza hivi, nami nakueleza hivyohivyo. Yai likishatoka linaishi saa 12 mpaka 24, basi. Kinachopandisha joto ni homoni ya projesteroni, na hiyo inaanza kazi baada ya yai kutoka. Kwa hiyo kipimajoto kinakupa habari ya jana, au ya juzi. Mbegu za mwanaume, ukiwepo ute mzuri, zinaweza kukaa ndani mpaka siku 5 zikisubiri. Mume ndiye anayetakiwa kutangulia kulisubiri yai, siyo kuja kulizika. Siku zenye faida ni kama sita, zinaishia siku yai linapotoka, na zenye nguvu zaidi ni mbili tatu za mwisho.

Utazijuaje kabla? UTE. Andika ukutani. Kabla yai halijatoka utaona unyevu unaongezeka, kisha unakuja ute mwangavu, unateleza, ukiuweka kati ya vidole viwili unavutika kama ute wa yai bichi la kuku. Ukienda haja ndogo, jifute kwanza utazame. Ukianza kuuona tu, mume awe ndani ya nyumba, kila siku au mkiruka moja moja. Hayo ya kutunza mbegu yaacheni. Na hili halijagunduliwa na kocha wangu. Ndiyo njia ya Billings ambayo watu wa parokia wanaijua siku nyingi, daktari John Billings na mkewe Evelyn wa Australia waliifanyia kazi tangu miaka ya 1950. Mimi nilikuwa nasinzia kwenye semina ya ndoa.

Tena kinachonitia hasira zaidi: ute nilikuwa nauona! Kila mzunguko, kuanzia siku ya 16 au 17. Nilimuuliza kocha, akasema ni uchafu wa kizazi, akaniuzia unga wa kuweka ukeni "ukaushe". Nikaukausha. Nilikuwa nalipa hela kufuta ile dalili moja niliyohitaji. Usiweke kitu huko, wala usioshe ndani. Ukiona unanuka, unawasha, umeganda kama maziwa mgando au una rangi ya kijani, hiyo ni habari nyingine, nenda hospitali.

Kipimajoto sasa, cha tarakimu mbili baada ya nukta ni bora kuliko cha homa, upime kabla hujanyanyuka kitandani. Lakini kazi yake ni kukuthibitishia tu kwamba yai lilitoka. Na programu ya simu inayokwambia siku ya 14, inamwambia mwenye mzunguko wa siku 28. Wa siku 34 kama wangu ni huko kwenye ya 20.

Baada ya hapo nilimpigia mume siku ya kwanza ya ute, hata kama ni giza, hata kama dagaa wanaruka wenyewe mtumbwini. Mara mbili hola. Mara ya tatu joto lilipanda likagoma kushuka, siku ya 19 tangu lipande liko juu bado, nikaenda kupima. Sasa hivi mwanangu anamwaga unga wangu wa ugali sakafuni wakati naandika.

Wewe mwenye mume Geita huna hata kisingizio cha kusubiri kivuko, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu 2025, ni kilomita 3 za lami juu ya maji. Na kama umefika miaka 35, ukimaliza miezi sita bila kitu nendeni wote wawili, mume apimwe mbegu, asikae garini. Chini ya hapo ni mwaka mmoja.

Umesema jana uliona "majimaji ya kuteleza" ukadhani ni uchafu. Siku ya 15! Usinijibu hapa. Mpigie mzee aombe ruhusa leo.