Piza na watoto kwa oveni ya piza: nilivyoacha kuwakimbiza

Mleta uzi, nimesoma swali lako nikacheka peke yangu, maana miaka mitatu iliyopita nilikuwa hapo hapo ulipo. Umesema una oveni ndogo ya gesi ya piza, watoto wawili, mmoja miaka 4 na mwingine 9, na Jumamosi yenu ya kwanza iliisha kwa kilio: piza mbili zilinata zikakunjamana mlangoni mwa oveni, ya tatu ikaungua chini huku juu mbichi. Wachangiaji waliotangulia wamekushauri uongeze unga wa kunyunyiza na uongeze moto, mpaka digrii 430 na kuendelea. Mimi nakwambia punguza vyote viwili.

Tatizo lako ni muda. Piza mbichi ikishapakwa sosi, saa inaanza kukimbia. Maji ya sosi yanashuka kwenye donge, donge linalainika na kushika kwenye koleo (naita koleo kile kibao bapa chenye mpini cha kuingizia piza). Mtu mzima mwenye uzoefu anapamba kwa nusu dakika na kuingiza. Mtoto wa miaka 4 anaweka punje ya mahindi, anaiangalia, anaisogeza, anakula moja, anauliza kama mahindi yanasikia joto. Dakika kumi zimeisha. Hapo hata unyunyize kilo ya unga, piza haitoki.

Mimi siku ya kwanza nilikuwa na wanangu wawili na watoto wanne wa dada yangu. Nilisimama na koleo mkononi nikipiga kelele "haraka, haraka, inanata!" kama kondakta. Piza ya mpwa wangu ilinata nusu. Nikaitikisa kwa nguvu: donge likabaki kwenye koleo, nyanya, uyoga na jibini vyote vikaruka mpaka ukuta wa nyuma wa oveni. Jibini ikaanza kuwaka moto juu ya jiwe (sakafu ya oveni, ambapo piza inakaa). Mtoto akaniangalia akasema taratibu, "Mjomba, piza yangu imeingia bila mkate." Nilitamani ardhi ipasuke.

Tangu siku hiyo nafanya piza ya kuingia mara mbili. Donge tupu linaingia kwanza, linaiva kidogo, linatoka. Mtoto analipamba mezani, hata akitaka nusu saa. Kisha linarudi ovenini kumalizika. Donge lililokwisha kuiva kidogo haliwezi kunata tena, na hakuna wa kumkimbiza mwenzake.

Nielezee ninavyofanya. Natandaza donge, natoboa katikati kwa uma mara kumi hivi ili lisivimbe kama puto, napaka sosi kijiko kimoja tu, utando mwembamba. Naingiza sekunde 40 hadi 60 moto ukiwa mdogo, nikigeuza mara moja. Linatoka jeupe, kavu kwa kugusa, bila doa jeusi hata moja. Likianza kupata rangi ya kahawia umechelewa, likirudi litakuwa biskuti. Naliweka juu ya waya wa kupozea keki, siyo kwenye sahani, maana kwenye sahani mvuke unarudi chini na kulilowesha. Dakika tano limepoa, mtoto analishika kwa mikono yake. Likishapambwa linarudi dakika moja na nusu au mbili, safari hii moto wa juu naupandisha kidogo ili jibini iyeyuke.

Najua wapo watakaokuja kuniambia Napoli, kule Italia, hawafanyi hivi. Ni kweli, na ufundi wa wapika piza wa Napoli uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017, nauheshimu. Nikiwa peke yangu na mke wangu baada ya watoto kulala naipika kama wao: jiwe zaidi ya digrii 400, sekunde 90 imeiva, pembeni imevimba na madoa ya moto. Ya watoto haivimbi vile, inakauka zaidi kidogo. Hakuna mtoto aliyewahi kunilalamikia.

Hilo linajibu swali lako la joto. Ile namba ya 430 na kuendelea uliyoambiwa ni ya piza ya kuingia mara moja, na inataka jicho lisilobanduka: ukigeuka kumjibu mtoto kwa sekunde 15, upande mmoja umekuwa mkaa. Kwa kazi ya watoto mimi naweka jiwe kati ya digrii 300 na 330, napima kwa kipimajoto kile cha mfano wa bastola kinachopiga mwale. Usiamini mshale wa mlangoni, kama oveni yako inao, ule unapima hewa. Jiwe ni jambo jingine. Ya tatu yako iliungua chini kwa sababu hiyo hiyo: ulipasha kwa moto wote kwa muda mrefu, jiwe likapitiliza, kisha nadhani ulishusha moto kwa hofu, juu pakakosa joto. Tena kulikuwa na ule unga wa kunyunyiza, ambao ukibaki juu ya jiwe unaungua na kuacha uchungu. Nyunyiza semolina, ule unga wa ngano wa chengachenga: punje zake ni kubwa, donge linateleza juu yake kama juu ya mchanga. Kisha kung'uta ya ziada.

Baada ya kila piza jiwe linapoa. Acha dakika mbili tatu lipate joto tena kabla ya kuingiza nyingine. Watoto sita maana yake ni foleni ndefu, kwa hiyo madonge matupu yote nayapitisha mapema kabla hawajakaa mezani. Wakija wanakuta mikate yao imepangwa.

Donge sasa. Unga wa ngano kilo 1, maji gramu 600, chumvi gramu 25, hamira ya papo hapo gramu 3, halafu usiku mzima kwenye friji. Kama ni siku hiyo hiyo, hamira gramu 5 na masaa manne au matano mezani, kulingana na joto la chumba. Sukari usiweke, kwenye jiwe la moto mkali inaungua kabla mkate haujaiva. Utaona watu wanasifia maji gramu 700, donge laini kama wingu. Waachie. Donge la maji mengi linashika kwenye vidole vya mtoto, anapanguswa, analia, mchezo umekwisha. Kilo hiyo inanipa madonge 11 ya gramu 140, kila moja linatoa piza ya sentimita kama 20, pamoja na kipande kidogo kinachobaki. Kile kipande ndicho cha kujaribia jiwe: nakitupia ndani, nikiona chini yake kimepata rangi ya asali kwa dakika moja, tuko tayari. Kikiwa cheusi, nasubiri.

Watoto wanaingia hapa, kwenye kukanda na kutandaza. Mwanangu wa pili alikuwa na miaka mitano alipokutana na donge linalokataa. Alilisukuma kwa viganja likafika ukubwa wa sahani ya chai, akaondoa mikono, likarudi taratibu mpaka udogo wake wa mwanzo. Akasukuma tena, likarudi tena. Akaniita, "Baba, linajifinyaaa!" Nikamwambia limechoka, tulifunike lilale. Tukalifunika kwa kitambaa, akalinyamazia dakika 15 kabisa, anapita kwa kunyata. Alipolifunua likatandazika kama shuka. Ukweli wenyewe ni kwamba ukikanda unga unajenga nyuzi za gluteni zinazovuta kama mpira, na zikipumzika zinalegea. Lakini "limechoka" linatosha, na siku hizi ndiye anayewaambia wageni.

Kusukuma kwa mti wa chapati ruksa. Najua wajuzi wanakataza kwa sababu unafukuza hewa, ila kwa piza ya kuingia mara mbili hewa yenyewe si nyingi, na mti unampa mtoto mdogo kazi anayoiweza.

Jambo moja wengi hawalijui: wasionje donge bichi. Unga wa ngano ni kitu kibichi, haujapikwa kiwandani, na unaweza kuwa na bakteria kama E. coli. Nina bakuli la jibini na mahindi la kudokoa, limewekwa makusudi, midomo ipate shughuli.

Vya juu viwe vichache na vikavu. Mozarela mbichi, ile jibini ya majimaji, ikate mapema na uiache kwenye chujio saa nzima, la sivyo inageuza piza kuwa supu. Uyoga ukate mwembamba sana au uukaange kwanza. Kwa wa miaka 4, soseji na nyanya zile ndogo za mviringo usikate vipande vya duara. Pasua kwa urefu, tena mara mbili, maana duara linaziba koo la mtoto. Zeituni toa kokwa mwenyewe, usiamini maandishi ya kopo. Kila kitu kwenye vibakuli vidogo na kijiko chake. Ukiweka bakuli kubwa moja, mkubwa atamwaga nusu yake kwenye piza yake na itarudi mbichi katikati.

Ugomvi wa "hii yangu, siyo yako" niliumaliza kwa pilipili hoho: kila mtoto anaandika herufi yake ya kwanza kwa vipande vya hoho. Wawili kwetu wanaanzia na herufi moja, mmoja akachagua kuchora jicho.

Kwenye moto sina mjadala. Oveni iko nje siku zote, hata mvua ikinyesha. Gereji iliyofunguliwa mlango siyo nje. Hewa ya kaboni monoksaidi, sumu inayotoka kwenye moto, haina harufu wala rangi, utasikia kichwa kinauma tu, na mtoto anazidiwa haraka kuliko wewe. Kabla ya kuwasha, paka maji ya sabuni kwenye maungio ya mpira wa gesi. Ukiona mapovu, usiwashe. Halafu chora mstari. Mimi nilichora kwa chaki nusu duara, mita moja na nusu kutoka kwenye oveni, na nikasema ndani yake anaingia mtu mmoja tu, mwenye koleo. Si watoto tu, hata shemeji yangu aliyetaka kupiga picha nilimrudisha. Wa miaka 9 ukiona ametulia, mpe kazi ya kuhesabu sekunde kwa sauti akiwa nyuma ya mstari. Wangu alianza kushika koleo pamoja nami alipofika 11, mikono yangu juu ya yake, na ilikuwa kutoa, si kuingiza.

Sehemu inayowaponza watu ni baada ya kuzima. Moto ukionekana, mtoto anauogopa. Ukizimika anaona mambo yamekwisha, kumbe jiwe lina digrii 300 na bati la nje linababua. Yangu nimeipima saa moja baada ya kuzima, bado nisingeweka kidole. Kwa hiyo mstari wa chaki unabaki mpaka wamelala. Na akiungua mtu, ni maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20 kamili, ukitazama saa. Siyo barafu, siyo dawa ya meno, siyo mafuta wala siagi. Malengelenge yakitokea, au ni usoni au kiganjani, peleka hospitali bila kubishana na mtu.

Piza ikitoka usiwape papo hapo. Jibini iliyoyeyuka inashika kwenye kaakaa la mdomo na kuendelea kuunguza. Nasubiri dakika nne, nakata kwa mkasi wa jikoni, mkasi hauburuzi vitu vya juu kama kisu kinavyofanya.

Umeuliza pia kama ungechukua ya kuni. Kwa watoto, baki na gesi. Kuni zinataka mtu wa kuzilisha kila baada ya dakika chache, moto unapanda na kushuka, na kuni zikiwa na unyevu ni moshi tupu. Gesi unageuza kitasa.

Lile doa jeusi la jibini ulilopiga picha usilioshe kwa sabuni wala usilimwagie maji, jiwe lenye joto likipata maji linaweza kupasuka, na sabuni linainywa. Siku nyingine ukipasha, liache liungue mpaka liwe majivu, zima, lipoe kabisa, kisha pangusa kwa brashi kavu. Langu bado lina kivuli cha ile piza iliyoingia bila mkate, na mpwa wangu kila akija anakwenda kukiangalia kwanza.