Matembezi na mtoto mdogo: mahali pamoja panatosha

SWALI: Nina mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi minane. Jumapili iliyopita mimi na babake tulimpeleka Fort Jesus asubuhi, tukapita bustani ya Mama Ngina, kisha tukaenda Kongowea kumwamkia bibi yake. Kuanzia saa saba alilia mpaka tukafika nyumbani, na sasa babake anasema mtoto wa umri huu hafai kutembezwa. Je, ni kweli?
Mama wa Likoni, Mombasa

JIBU: Si kweli, dada yangu, na barua yako yenyewe yaonyesha sababu. Kilio kilianza saa saba, ambayo bila shaka ndiyo saa aliyozoea kulala, naye wakati huo alikuwa amekwisha kupitishwa mahali pawili na kungali kuna pa tatu.

Safari ijayo chagueni mahali pamoja tu. Mimi ningewapeleka Haller Park, Bamburi, ambayo zamani ilikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, kabla ya René Haller kuanza kuotesha mivinje humo katika miaka ya 1970. Kuna kivuli, kuna twiga, na zaidi ya yote kuna kobe wakubwa, ambao kwangu ndio wanyama wanaomfaa mtoto wa umri huo kuliko wote, kwa sababu hawakimbii, na yeye akisimama anawatazama bila kuinuliwa na mtu. Akitaka kukaa nusu saa nzima mbele ya kobe mmoja, mwacheni. Hakuna haja ya kumburuta akamalize bustani yote. Akiwagusa, mnawisheni mikono kwa sabuni, kwani kobe huweza kubeba vijidudu vinavyoharisha.

Kwa kuwa mwatoka Likoni, matembezi yenu yanaanzia kwenye feri, ambayo waendao kwa miguu hawailipii. Vukeni mapema, mbebe mtoto badala ya kumshika mkono kwenye msongamano, na mumwonyeshe meli zikipita. Fikeni Bamburi kabla jua halijawa kali, na saa sita muwe mmeshaanza kurudi, ili usingizi umkute ndani ya matatu akiwa amefunikwa leso yako, tumbo limeshiba.

Chukua maji ya kutosha, ndizi na viazi vya kuchemsha, nguo ya kubadilisha na kofia. Karanga na peremende ngumu ziacheni nyumbani, kwa maana humpalia mtoto mdogo kwa urahisi. Chakula kaeni nacho karibu, maana tumbili hunyakua.

Kuhusu babake, naomba siku hiyo yeye ndiye ambebe mtoto kuanzia langoni, kwa kuwa mtoto humwonyesha kidole kila akionacho yule aliyembeba. Bibi wa Kongowea mtengeeni Jumapili yake.