Kabla hujakodi shamba Maine, uliza habari za tope

Dada uliyeuliza kama ukodi lile shamba la nyasi nje ya Lewiston, hapa jimboni Maine, Marekani, kwa kuwa ni la bei chee: usitie saini kwanza. Mimi yalinikuta.

Nilikodi ekari moja, nikapanda mchicha, mnavu na matembele. Udongo mweusi, mboga zinanawiri hadi wapita njia wanasimamisha magari. Msimu wa pili, mzee jirani akanidokeza kwamba miaka ya themanini malori yalikuwa yakimwaga pale tope la majitaka. Likiitwa mbolea, tena ya bure! Mashamba mengi ya Maine yalilipokea, kwa vibali vya jimbo lenyewe. Kumbe limebeba PFAS, zile kemikali za milele za vikaango visivyogandisha chakula na nguo zisizopenya maji. Kaboni na florini zikishikana, vijidudu vya udongoni haviziachanishi. Miaka arobaini ilikuwa imepita, nazo zimo tu.

Tukapima kisima kwanza, maana maji ndiyo unayokunywa kila siku. Kikomo cha jimbo wakati huo kilikuwa nanogramu 20 kwa lita, jumla ya kemikali sita. Kisima kilivuka. Udongo nao vilevile.

Usidanganywe na wanaosema "osha mboga vizuri". Mmea hunywa PFAS pamoja na maji. Maji hutoka kama mvuke kupitia majani, kemikali zenyewe zinabaki humo. Punje ya mahindi hupata kidogo sana, ndiyo maana mkulima wa hapa hushauriwa abadili zao. Sasa sisi tunaokula majani tubadili nini? Na kuchemsha hakuziondoi.

Idara ya mazingira ya jimbo ina ramani mtandaoni ya mashamba yaliyopewa vibali vya tope. Litafute lako. Kisha waulize majirani wazee, si mwenye shamba peke yake. Wangu alilirithi, akasema hajui lolote (haya). Kipimo kimoja ni mamia ya dola, kwa hiyo mwambie mwenye shamba alipe yeye. Mwaka 2022 jimbo lilipiga marufuku kumwaga tope mashambani, likatenga dola milioni 60 kwa wakulima walioathirika, basi pigia pia idara ya kilimo uulize. Siku ya kuchota sampuli acha koti la mvua nyumbani, lenyewe laweza kuwa na PFAS likakuharibia majibu.

Mimi nilihama. Ukikwama kwenye ramani, niandikie jina la barabara tuitazame pamoja.