Chogo la baba, mpira wenye mkia na chenga za upepo wa Dodoma

Toleo lililopita nilisema tuongelee mpira wa kikapu kwenye TV, basi mmenimwagia meseji, na nusu yake hazihusu kikapu kabisa, zinahusu TV zenyewe, zile za zamani za chogo. Haya, twende hivyo hivyo mnavyotaka.

SWALI: Anko shikamoo. Tumejichanga watoto wanne tukamnunulia mzee wetu flati inchi 43, tukaifunga ukutani, tukasema sasa baba atafaidi kikapu chake maana anakipenda kuliko hata mpira wa miguu. Kaiangalia siku mbili, ya tatu tunakuta karudisha chogo lake la inchi 21 mezani, kalifunika na kitambaa chake cha kufuma kama zamani, flati kawaachia wajukuu waangalie katuni. Anasema kwenye flati mpira una mkia na wachezaji wamekuwa wafupi. Mama anasema ni uzee. Anko, ni uzee kweli? (Mtoto wa pili, Kizota)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama yako namheshimu ila hapa kateleza, mzee macho yake mazima kabisa na hayo malalamiko yake yote mawili ni ya kweli.

Tuanze na mkia. Ndani ya chogo kuna tyubu ya kioo, nyuma kule shingoni kuna kidude kinarusha elektroni, zinakuja kupiga kioo cha mbele ambacho kwa ndani kimepakwa dawa ya kung'aa, zinachora picha mstari kwa mstari, mistari 625, na kila sehemu ikishapigwa inawaka kidogo tu afu inazima inasubiri zamu yake tena. Kwa hiyo mpira ukirushwa jicho linauona hapa, afu hapa, afu hapa, kila mara mpira msafi. Flati haifanyi hivyo, picha ikitokea inabaki inawaka mpaka ijayo ifike, sasa jicho lako linaukimbiza mpira huku picha imesimama, ndo unaona ule ukungu nyuma yake, ndo mkia wa baba yako huo. Kwenye taarifa ya habari hutauona maana msomaji kakaa tu anasoma, lakini kikapu ni vurugu mwanzo mwisho, timu ina sekunde 24 tu za kurusha, kamera inakimbia kulia inarudi kushoto, lazima uuone.

La ufupi ni makosa yenu wenyewe. Nakisia mlihamisha king'amuzi kile kile kilichokuwa kwenye chogo mkakichomeka na waya zile zile tatu, nyekundu, nyeupe na njano, si ndiyo? Sasa king'amuzi bado kinajua kinaongea na chogo, kinatoa picha ya umbo la 4:3, yaani karibu mraba, flati nayo ina umbo la 16:9, yaani pana, na haitaki kuacha nafasi pembeni, inaivuta picha ijaze kioo. Jamaa wa futi saba anakuwa kama kinu. Nunueni waya wa HDMI, ingieni kwenye mipangilio ya king'amuzi mbadilishe iwe 16:9, watu watarudia urefu wao. Mkia hautaisha wote ila kwenye mipangilio ya picha ya hiyo TV kuna sehemu ya michezo au ya mwendo, chezeeni hapo, unapungua.

Ila mwanangu nikwambie kitu, mi nadhani hata mkimaliza yote hayo mzee bado atarudi kwenye chogo, na simlaumu.

Mi nimekulia hapa hapa Dodoma, kota za reli. Si unajua Bara tulichelewa, Zanzibar wana TV ya rangi tangu miaka ya 70 sisi huku ITV imekuja kuanza 1994, kwa hiyo utoto wetu mtaa mzima TV moja. Ilikuwa ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, inatembelea betri ya gari umeme ukikatika, na mwenye nyumba alikuwa na sharti moja tu, unawe miguu. Ndoo ya maji ilikaa mlangoni, na vumbi la Dodoma mnalijua, mtoto wa ishirini ananawa kwenye tope. Tunakaa chini kwenye mkeka, wakubwa kwenye makochi, na kijana mmoja lazima awe nje kwenye mlingoti wa antena, nao ulikuwa bomba la maji limefungwa na kamba kwenye mwarobaini.

Siku hiyo kipindi cha michezo kimeleta kikapu cha Marekani, Michael Jordan huyo, kapiga chenga mmoja, kapiga chenga wa pili, karuka, yuko hewani, upepo nao ukapiga, antena ikageuka, TV nayo ikaanza chenga zake. Chenga tupu, shaaaaa. Sebule nzima "geuza! rudisha! hapo hapo! usiguse! aaah umeguswa na nani tena!" na yule kijana kule nje haoni kitu masikini anashikilia bomba. Picha imerudi tunakuta wanasoma hali ya hewa. Mpaka leo yule jamaa kwangu mimi hajatua.

Na kuna kitu nimekuja kukigundua ukubwani, kwa nini kikapu kilikuwa kinaeleweka kwenye TV isiyo na rangi wakati mpira wa miguu mara nyingi ulikuwa unatuchanganya. NBA, ile ligi ya kikapu ya Marekani, zamani timu ya nyumbani ilikuwa inavaa nyeupe, wageni wanavaa rangi iliyokolea, Lakers tu na njano yao ndo walikuwa tofauti na hata hiyo njano kwenye TV yetu ilitokea kama nyeupe chafu. Kwa hiyo weusi ni wageni, weupe wenyeji, hata bibi asiyejua chochote anafuata. Kuanzia msimu wa 2017 utaratibu huo wameutoa, wenyeji wanachagua jezi wanayotaka, siku hizi unakuta bluu inacheza na nyekundu. Ukiichukua leo ile TV ya kota za reli utaona watu kumi wa rangi ya majivu wananyang'anyana.

Mwambie tu mzee kama anabaki na chogo, king'amuzi akiweke picha yenye mistari myeusi juu na chini, asiiweke ile inayojaza kioo, maana ile inakata pembeni na anayerusha pointi tatu kutoka kona anakuwa nje ya TV, unaona mpira tu umetokea ukutani. Na pale chini panapoandikwa matokeo napo panamegwa.

SWALI: Anko, chogo letu limeanza kuweka doa la kijani kona ya juu kulia, nyasi nyasi hivi, hata sura za watu kule zinakuwa kijani. Fundi wa mtaani anasema tyubu imekufa ninunue nyingine. (Fundi cherehani, Chang'ombe)

JIBU: Kabla hujatoa hela, upande huo wa kulia hujaweka spika kubwa kweli? Spika ina sumaku, na sumaku inazipotosha zile elektroni nilizosema juu, zinapiga rangi isiyo yake. Iondoe spika, zima TV kabisa kwenye swichi, subiri nusu saa, washa. Ule mlio wa "duuuung" unaousikia chogo la rangi likiwaka ni TV inajifuta sumaku yenyewe, rudia mara kadhaa doa litapungua lenyewe mpaka liishe. Likibaki ndo umwite fundi, na uite mwingine.

Afu tafadhali sana wewe usifungue mfuniko wa nyuma. Tyubu ya rangi inatumia volti zaidi ya 20,000 na chaji inaweza kubaki humo hata ukichomoa waya ukutani. Na wale vijana wanaonunua chogo bovu ili walivunje shingo watoe kopa wakauze chuma chakavu, tyubu haina hewa ndani, ikivunjika inajikunja kwa kishindo vioo vinaruka, na kile kioo kina risasi. Nimeona mwenyewe mtoto akifanya hivyo na jiwe, peku, nyuma ya nyumba.

SWALI: Kaka yangu yuko Marekani aliniachia kaseti ya fainali ya NBA ya 1998, Chicago na Utah. Nimeazima deki, nimeweka, picha haina rangi na inakimbia kwenda juu haitulii. Kaseti imeharibika? (Shabiki, Area C)

JIBU: Haijaharibika, imekuja na lugha yake. Marekani walikuwa wanatumia mfumo wa NTSC, mistari 525, sisi tunatumia PAL mistari 625, deki yako na chogo lako vinajaribu kuisoma kama PAL ndo maana inapanda ngazi. Tafuta deki imeandikwa inasoma mifumo yote, zilikuwepo nyingi zile za Kijapani, au mpelekee mtu wa studio akuhamishie kwenye flashi.

Jirani yetu kaseti yake ya mechi hiyo hiyo ilirekodiwa Uingereza, wale nao ni PAL, ikacheza bila tatizo. Tuliiangalia mpaka utepe ukaanza kulegea. Tunajua kabisa mwisho wake, Jordan wa Chicago anamnyang'anya Malone wa Utah mpira, anakuja mbele, zimebaki sekunde 5.2 anaachia, 87 kwa 86, na bado kila tukifika pale kuna mtu anasimama anazuia TV na anatukanwa.

SWALI: Kijiweni tunabishana na soda ziko mezani. Mimi nasema Hasheem Thabeet alichaguliwa NBA kabla ya Stephen Curry, wenzangu wananicheka wanasema naota. (Dereva boda, Nkuhungu)

JIBU: Kunywa soda zako. 2009, wa kwanza Blake Griffin, wa pili Hasheem wetu akaenda Memphis Grizzlies, wa tatu James Harden, Curry alikuwa wa saba. Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Kwamba baadaye mambo yalikwendaje ni ubishi mwingine, huo hauna soda.

SWALI: Anko, hivi kwa nini hizi mechi za NBA zinachezwa usiku wa manane? Nina kazi asubuhi. (Mtumishi, Ilazo)

JIBU: Kwao wala sio manane, ni jioni watu wametoka kula. New York ipo nyuma yetu saa saba kipindi cha joto lao na saa nane kipindi cha baridi. Fainali za Juni zikianza kule saa mbili na nusu usiku wewe Ilazo ni saa tisa na nusu usiku, ukimaliza kuangalia Waislamu wameshaswali alfajiri. Mi ushauri wangu achana na fainali moja kwa moja, zima simu, angalia marudio jioni. Zinazotufaa sisi ni zile za Jumapili zinazochezwa kwao mchana, na za Krismasi, ile ya kwanza ikianza saa sita mchana New York huku ni saa mbili usiku, pilau bado lipo. Au fuata BAL, ligi ya Afrika, ilianza 2021 kule Kigali, Kigali na sisi tunapishana saa moja tu.

Nasikia wengine wanalalamika jirani anashangilia kabla yao. Hiyo haiponi kwa kubadilisha TV. Zamani antena ilikuwa inadaka picha hapo hapo ikitoka mtamboni, tangu analojia izimwe hapa kwetu mwanzoni mwa 2013 picha inafungashwa, kama unatumia dishi inarushwa kwenye setilaiti kilomita kama 36,000 juu, inashuka, king'amuzi kinaifungua, tayari sekunde kadhaa zimekwenda, na kila king'amuzi kina uzembe wake. Mwenye redio atakuwahi kupiga kelele, mzoee tu.

SWALI: Mume wangu akiangalia kikapu usiku anapiga kelele mpaka mtoto anaamka. Nifanyeje? (Mama wa miezi sita, Ipagala)

JIBU: Mtoto akiamka mkabidhi baba yake, mchezo una robo nne za dakika kumi na mbili na mapumziko mengi sana, muda wa kubembeleza upo.

SWALI: Na wewe Anko unayejifanya mjuaji una TV gani? (Asiyetaka kujulikana)

JIBU: Flati inchi 32, ina mkia kama za wenzangu. Chogo langu tyubu ilikufa, fundi akachukua vya ndani akaniachia kasha, nikaliweka stoo. Sasa hivi kuku analalia humo mayai tisa, ukipita anakuchungulia pale pale alipokuwa anatokea Jordan.